Maradhi ya Turbo Katika Pikapu ya Dizeli

Wasomaji wetu walio wengi wanaijua pikapu ya dizeli. Ndiyo ichukuayo magunia kutoka ghala la ushirika hata mnadani, ndiyo ipelekayo vitabu na madawati shuleni wakati wa masika, tena usiku wa manane mwenye pikapu ndiye agongewaye mlango ili ampeleke mama mjamzito katika hospitali ya wilaya. Kwa hiyo gari moja likilala, si mwenyewe peke yake apatwaye na hasara.

Siku hizi karibu kila pikapu ya dizeli ina chombo kiitwacho turbo, na katika magereji yetu limezuka neno moja ambalo twaona yafaa kulichunguza. Gari likipungukiwa nguvu, likatoa moshi, fundi hufungua boneti, husikiliza kidogo, kisha hutamka, "Turbo imekufa." Basi mwenye gari huenda kutafuta fedha. Huuza ng'ombe, hukopa, hununua turbo, hufungiwa. Na mara nyingine gari hubaki vile vile kama lilivyokuwa, au hupona kwa majuma mawili tu, kisha turbo ile mpya nayo hufa. Katika habari hii twataka kueleza namna ya kutambua kama turbo imeharibika kweli au inasingiziwa. Na ikiwa imeharibika, ni kitu gani kilichoiharibu. Maana turbo ni nadra kufa kifo chake yenyewe. Aghalabu huuawa.

Kwanza ijulikane turbo ni kitu gani. Injini ya dizeli hula vitu viwili, mafuta na hewa. Mafuta ni rahisi kuyaongeza, lakini hewa huingia kwa kadiri pistoni ziwezavyo kuivuta, wala haizidi hapo. Mhandisi mmoja wa Uswisi, jina lake Alfred Büchi, aliona kwamba moshi utokao katika injini una nguvu nyingi na joto jingi, navyo hupotea bure angani. Mwaka 1905 alipata hati ya uvumbuzi wake: moshi ule uzungushe gurudumu, na gurudumu lile lizungushe jingine la kuvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Miaka mingi ilipita kabla ya fikira ile kuingia katika magari. Mwaka 1938 kiwanda cha Saurer, nacho cha Uswisi, kilitoa injini ya lori yenye turbo, na mwaka 1978 Mercedes-Benz ikaanza kuuza motokaa ya abiria ya dizeli yenye turbo, ile iitwayo 300 SD. Leo chombo hicho kimefika hata vijijini kwetu, bali elimu yake haijafika pamoja nacho.

Umbo lake lafanana na konokono wawili waliounganishwa mgongo kwa mgongo. Mmoja ni wa chuma kizito, ndimo upitamo moshi. Wa pili ni wa alumini, ndimo ipitamo hewa. Katikati yao mna shafti nyembamba kuliko kidole, yenye gurudumu la mapezi kila upande. Gari likipanda mlima kwa nguvu, shafti ile huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, na katika turbo ndogo hupita mara 200,000. Moshi uligusao gurudumu lake huweza kufika digrii 700 za joto na zaidi. Tena katika pikapu zilizo nyingi shafti hiyo haikalii gololi. Huelea juu ya utando mwembamba wa oili unaosukumwa na pampu ya injini. Utando ule ukikatika kwa muda mfupi tu, chuma hugusa chuma. Msomaji akiyashika maneno haya ya utando wa oili, mengine yote atayafahamu bila taabu.

Hewa hiyo iliyoshindiliwa si kidogo. Pikapu nyingi hupata presha ya kadiri ya bar 1 hata bar 1 na nusu juu ya hewa ya kawaida, yaani silinda hupewa hewa mara mbili au zaidi kuliko ambayo ingeivuta yenyewe. Dereva atokaye Dar es Salaam kwenda Iringa na turbo mbovu aweza kuvuka tambarare za Mikumi asione jambo kubwa. Afikapo mlima wa Kitonga ndipo gari limfedheheshapo mbele ya malori.

Fundi mwema huanza kama mganga mwema: huuliza kabla ya kushika. Nguvu zilipungua siku moja kwa ghafula, au kidogo kidogo kwa miezi? Gari linapungukiwa siku zote, au mlimani tu? Likizimwa na kuwashwa tena, je, hupona kwa kitambo? Oili hupungua? Lini oili ilimwagwa mara ya mwisho, na filta yake ilibadilishwa au ilirudishwa ile ile? Dereva aweza kuona haya kujibu swali hili la mwisho, lakini jibu lake lina thamani kuliko spana zote za gereji.

Kisha utazamwe moshi. Moshi mweusi, pamoja na udhaifu, maana yake mafuta yamezidi hewa; yaani hewa haifiki kama ipasavyo, au nozeli zinamwaga kupita kiasi. Moshi wa samawati wenye harufu kali ni oili inayoungua. Gari lisilo na nguvu wala halitoi moshi, hapo kabla ya kuilaumu turbo ifunguliwe kwanza filta ya dizeli, kwa kuwa huenda injini ina njaa ya mafuta. Filta hiyo ni ya bei ndogo, na dizeli yetu ya kununua katika madumu mara nyingi ina maji na takataka. Hata hivyo neno hili la moshi lina mpaka wake. Magari ya siku hizi yana kompyuta, nayo ikiona hewa imepungua hupunguza na mafuta, hata moshi usionekane. Na mengine yana chujio la masizi katika bomba la moshi, lifichalo dalili zote.

Sauti nayo yasema. Mluzi mwembamba wakati wa kukanyaga mafuta ni desturi ya turbo nzima. Mlio uliogeuka ukawa kama king'ora, ukipanda na kushuka pamoja na injini, ni alama mbaya: huenda gurudumu linagusa ukuta wake. Sauti ya kufyonya, kama ya mpira wa baiskeli uliotoboka, ni hewa inayotoroka njiani. Hapa ndipo tutakapokaa kidogo, maana hapa ndipo fedha nyingi za watu zipoteapo.

Hewa ikitoka katika turbo haiingii moja kwa moja katika injini. Katika pikapu nyingi hupita kwanza katika kipoza hewa, kile kinachofanana na rejeta, ndipo ifike. Mabomba ya njia ile yameunganishwa kwa mipira na klipu, na mipira ile hupata joto, mtikisiko na mvuke wa oili mwaka baada ya mwaka. Ikizeeka hupasuka, mara nyingi upande wa chini mahali jicho lisipofika. Tuliwahi kuiona pikapu ya chama kimoja cha mazao iliyohukumiwa kuwa turbo yake imekufa. Wanachama walikwisha kuanza kuchanga fedha. Utingo wake, kijana asiyepata kusomea ufundi, alikuwa akiosha injini akaona chini ya mpira mmoja vumbi limeganda na kuwa tope jeusi, na pengine pote pakavu. Alipoukunja mpira ule, ufa ukafunguka kama midomo. Gari likisimama midomo ile ilijifunga. Likipanda mlima na mzigo, presha iliifungua na hewa yote ikapotea. Mpira mpya na klipu mbili viliiponya pikapu ile, na turbo iliyohukumiwa kifo iliendelea kufanya kazi.

Basi kila mpira wa njia hiyo ufunguliwe injini ikiwa baridi, ukunjwe kwa mikono, utazamwe ndani kwa tochi. Tope la oili na vumbi sehemu moja tu ni ushahidi. Gereji yenye kampresa huweza kuziba mdomo wa bomba la hewa, kupuliza kwa presha ndogo isiyozidi bar 1, na kupaka maji ya sabuni. Povu litaonyesha tundu. Kukanyaga mafuta gari likiwa limesimama hakutoshi, kwa sababu injini isiyo na mzigo haishindilii hewa nyingi, na ufa mdogo hujificha. Na kipoza hewa chenyewe kikaguliwe, hasa kwa magari yaliyowahi kugonga mbuzi au kisiki.

Wako wenye mashine za kusomea kompyuta ya gari, nazo ni msaada mkubwa zikitumiwa kwa akili. Mashine ikiandika P0299, maana yake ni kwamba presha ya hewa imekuwa ndogo kuliko iliyotakiwa. Ikiandika P0234, presha imezidi. Mafundi wengine wakiona P0299 husema kwamba mashine imethibitisha turbo imekufa. Mashine haikusema hivyo. Imesema hewa ni pungufu, wala haijui kama imepungua kwa sababu ya turbo, au mpira, au filta ya hewa iliyojaa vumbi, au kipimo cha hewa kilichochafuka kwa masizi.

Turbo nyingi za pikapu za sasa zina visahani vidogo ndani ya konokono wa moshi, vifungukavyo na kujifunga ili kuongoza moshi kulingana na mwendo. Visahani hivyo huendeshwa na fimbo nyembamba, na fimbo huvutwa na kikopo cha upepo au mota ndogo ya umeme. Masizi hukwamisha visahani, hasa katika gari linalozungukazunguka mjini bila kupata safari ndefu. Vikikwama vimefunguka, gari huwa zito wakati wa kuondoka. Vikikwama vimejifunga, presha huzidi mlimani, na kompyuta huikata nguvu ghafula ili kuilinda injini. Dereva huzima, huwasha tena, gari hupona hata mlima mwingine. Hii ndiyo sababu ya lile swali letu la kuzima na kuwasha. Injini ikiwa imezimwa, na ikiwa ni ile ya kikopo cha upepo, fimbo hujaribiwa kwa pampu ndogo ya mkono ya kuvuta upepo: yapasa iende polepole mpaka mwisho na kurudi bila kukwaruza. Vimipira vyembamba vya upepo navyo vitazamwe kimoja kimoja. Kimoja kikipasuka, turbo nzima huonekana kama mfu. Visahani vilivyokwama kwa masizi mara nyingi huweza kusafishwa na fundi ajuaye, bila kununua turbo nyingine.

Yote hayo yakiwa mazima, ndipo iguswe turbo yenyewe. Injini izimwe, ipoe kabisa. Kamwe mtu asitie mkono karibu na mdomo wa turbo wakati injini inazunguka na bomba limefunguliwa. Gurudumu lile hukata kidole asijue, na hufyonza kitambaa, ncha ya kitenge au mkono wa kanzu. Bomba la kutoka filta ya hewa likiondolewa, mapezi ya gurudumu la hewa huonekana. Yatazamwe kwa tochi. Mapezi yaliyochongoka au kuvunjika yamegongwa na kitu kilichoingia, kama skrubu au kipande cha filta. Mapezi yaliyoliwa kingo, yakang'aa kama yaliyopigwa msasa, yameliwa na vumbi, na hapo kosa ni la filta ya hewa: ama imetoboka, ama haikukaa sawasawa, ama mtu aliichana akiipuliza kwa kampresa. Kisha gurudumu lizungushwe kwa kidole: lapasa kuzunguka kwa wepesi bila kukwaruza. Lishikwe likasukumwe kando. Kucheza kidogo kwa kwenda kando ni desturi, kwa kuwa nafasi ile ni ya utando wa oili, na wengi wameitupa turbo nzima kwa kutojua hili. Lakini mapezi yakigusa ukuta, au pakiwa na alama ya kukwaruza ukutani, turbo imekwisha. Halafu lisukumwe na kuvutwa, ndani na nje. Mwendo huo wapasa kuwa mdogo hata kidole kisiutambue. Ukitambulika, beringi imeliwa.

Juu ya oili ndani ya mabomba ya hewa tuseme wazi, kwa kuwa huwatia watu hofu bure. Unyevu mwembamba wa oili ni kawaida, maana mvuke wa injini huelekezwa humo. Oili iliyotuama, ya kumiminika ukiinamisha bomba, si kawaida. Hata hapo turbo isihukumiwe upesi. Oili iingiayo katika turbo hurudi chini kwenye sampo kwa kushuka yenyewe tu, bila kusukumwa. Bomba la kurudia likiziba au kupindwa, au mvuke wa injini ukikosa pa kutokea, oili hurudi juu na kupenya pande zote mbili, ijapokuwa turbo ni nzima kabisa. Fundi afungaye turbo mpya bila kulisafisha bomba lile atamwona mwenye gari tena baada ya siku chache, na uso wake hautakuwa wa furaha.

Tumesema kwamba turbo huuawa. Muuaji mkubwa ni oili: iliyokosekana, iliyochakaa, au iliyochelewa kufika. Katika baadhi ya injini za dizeli nozeli hukaa juu ya vishata vya shaba. Vishata vikichoka, moshi wa silinda hupenya na kuingia katika oili, nayo hugeuka kuwa nzito kama lami. Lami ile huziba chujio la pampu chini ya sampo. Pampu hukosa cha kuvuta, na turbo, iliyo mbali na yenye mwendo kupita vyote, ndiyo hufa kwanza. Mtu akifunga turbo mpya juu ya injini ya namna hii asipofungua sampo, ameinunulia kaburi. Tena baada ya turbo hufuata beringi za injini yenyewe, na gari hunoki. Kwa hiyo turbo iliyokufa yafaa kupokewa kama kengele. Oili imwagwe, ipapaswe kwa vidole kama ina chenga za chuma, na sampo ishushwe kutazamwa.

Liko jambo moja la hatari kubwa ambalo kila dereva na kila utingo wapasa kulijua kabla halijawatokea. Turbo ikivunjika beringi na kuanza kuimwaga oili ndani ya njia ya hewa, injini ya dizeli huweza kuila oili ile kama mafuta. Hapo huanza kukimbia peke yake, kwa sauti ya kutisha na moshi mzito, wala kuzima kwa ufunguo hakuisimamishi, kwa kuwa haiitegemei tena dizeli ya tangi. Gari likiwa la gia za mkono, dereva akanyage breki kwa nguvu zote na kuvuta breki ya mkono, atie gia kubwa kuliko zote, kisha aiachie klachi kwa ghafula, injini izimike kwa kuzidiwa. Gari la gia za kujiendesha halizimiki kwa njia hiyo. Lazibwa mdomo wa hewa kwa ubao au kitu kigumu kisichoweza kufyonzwa, kamwe si kwa mkono wala kwa nguo. Injini ikiwa imekwisha kupanda mno, watu wote waondoke karibu nayo, maana huweza kupasuka na kutupa vyuma. Aonaye moshi mwingi wa samawati na oili ikipungua haraka asiendelee kusafiri kwa kutumaini kufika. Asimame, alivute gari kwa kamba.

Ikiwa baada ya yote hayo turbo mpya haina budi kununuliwa, kazi ifanywe kwa utaratibu. Oili na filta zote mbili, ya oili na ya hewa, ziwe mpya. Bomba dogo la kuleta oili lisafishwe au libadilishwe, wala gundi ya gasketi isipakwe kwenye mdomo wake, kwa kuwa kipande kidogo cha gundi huziba tundu. Kipoza hewa kisafishwe, kisiwe na oili wala vipande vya mapezi ya turbo ya zamani. Kabla ya kuwasha, oili safi imiminwe katika tundu la turbo na gurudumu lizungushwe kwa kidole. Kisha injini izungushwe kwa stata bila kuwaka, mpaka taa ya oili izimike. Ikiwaka, iachwe inguruma polepole dakika chache bila kukanyagwa. Dereva azoee kungoja hivyo kidogo kila asubuhi, na tena baada ya kupanda mlima mrefu na mzigo: asizime papo hapo afikapo, bali aiache injini dakika moja au mbili, shafti ipunguze mwendo na oili ichukue joto, isije ikaungua na kuganda juu ya beringi. Na katika barabara zetu za vumbi oili ibadilishwe mapema, kila kilomita 5,000, hata kama kitabu cha gari kinaruhusu zaidi.